Mwenye Kauli ya Mwisho Abebe na Lawama

Oktoba 1945 Rais Harry Truman wa Marekani alipokea zawadi ya kibao kidogo cha kuweka mezani. Kilitengenezwa katika gereza la shirikisho la El Reno, jimbo la Oklahoma. Rafiki yake mmoja, afisa wa mahakama kutoka Missouri, alikuwa amekiona cha namna hiyo alipozuru gereza lile, akaomba rais naye atengenezewe chake. Upande wa mbele kiliandikwa "The buck stops here", yaani mzigo unakomea hapa, hausogezwi kwa mwingine.

Asili ya msemo ni mchezo wa karata wa poka. Wachezaji walipokezana zamu ya kugawa karata, na mbele ya mwenye zamu kiliwekwa kitu cha kumtambulisha. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba kitu hicho kilikuwa kisu chenye mpini wa pembe ya paa. Asiyetaka kugawa alikisogeza kwa jirani. Kumsogezea mwenzio kukawa na maana ya kumtupia wajibu, na Truman akatangaza kwamba kikifika kwake hakina pa kwenda.

Msemo huu umetufikia mpaka huku Lamu, pwani ya Kenya. Utausikia mikutanoni, kwa Kiingereza au kwa maneno ya kuukaribia, na kila nikiusikia unatumika kwa maana ya ukubwa: mimi ndiye mwenye kauli ya mwisho, kwangu ndiko mambo yanakoamuliwa, usihangaike na wadogo. Nusu ya maana hiyo ni kweli. Nusu iliyoachwa ndiyo inayonifanya niandike. Aliyekaa nyuma ya kile kibao alikuwa anakubali deni: likiharibika, mniulize mimi. Katika utawala wetu wa siku hizi nusu hizi mbili zimetenganishwa. Kauli imebaki juu, lawama imeteremshwa chini, na kati yake kuna ngazi ndefu ya maafisa ambao kila mmoja anamwonesha mwenzake.

Truman mwenyewe alipimwa kwa maneno yake. Aprili 1951, vita vya Korea vikiwa vimepamba moto, alimwachisha kazi Jenerali Douglas MacArthur, mtu aliyependwa na Wamarekani kuliko rais. Wakuu wa majeshi walikubaliana naye, lakini amri ilitoka kwa jina lake na hasira za watu zikamwangukia yeye. Kufikia Februari 1952, kura ya maoni ya Gallup ilionesha ni asilimia 22 tu ya wananchi waliokuwa wanaridhika na kazi yake, na mwezi uliofuata akatangaza kwamba hatagombea tena. Katika hotuba yake ya kuaga, Januari 1953, alisema rais, awe nani, lazima aamue, na hana wa kumsukumia kazi hiyo.

Nisieleweke kwamba ninamsifu kwa kila alichokiamua. Miezi miwili kabla ya kupewa kibao kile, mabomu ya atomiki yalikuwa yameangushwa Hiroshima na Nagasaki, na Truman hakukana hata siku moja kwamba uamuzi ulikuwa wake. Kukiri hakukuufanya uamuzi ule uwe wa haki, na waliokufa hawakufufuka kwa sababu muuaji wao anajulikana jina. Lakini kwa kuwa inajulikana ni nani aliyeamua, ulimwengu umeweza kumhoji yeye, na bado unamhoji. Hapo ndipo penye faida ya msemo, na faida yenyewe ni ya wananchi zaidi kuliko ya kiongozi. Uamuzi usio na mwenyewe hauhojiki.

Maneno haya pia yanaweza kutumiwa kama muhuri wa kufunga mjadala. Agosti 16, 2021, siku moja baada ya Taliban kuingia Kabul, Rais Joe Biden alilihutubia taifa lake akasema yeye ndiye rais na mzigo unakomea kwake. Hotuba hiyo hiyo ilikuwa imeeleza kwa kirefu kwamba makubaliano na Taliban aliyarithi kwa mtangulizi wake, kwamba viongozi wa Afghanistan walikimbia nchi, na kwamba jeshi lao liliacha kupigana. Mengi katika hayo yalikuwa kweli. Lakini msikilizaji alibaki na mzigo uliokwisha kugawiwa watu wengi kabla haujatangazwa kwamba umefika mwisho wake. Kiongozi anayesema "nawajibika" bila kusema nini kitafuata ameazima sifa ya uwajibikaji bila kulipa gharama yake.

Sisi tunayo yetu ya tangu zamani: mkubwa ni jaa. Kila nyumba hupeleka taka zake jaani, na jaa halichagui. Ninaipenda methali hii kuliko msemo wa Truman kwa jambo moja. Ule wa Kimarekani husemwa na kiongozi juu ya nafsi yake, kwa hiyo anaweza kuusema akitaka na kuunyamazia asipotaka. Huu wetu husemwa na watu juu ya mkubwa wao. Haumwombi ridhaa. Ukishakubali kuitwa mkubwa, taka zitakuja tu, na ukizikataa umejivua ukubwa mwenyewe.

Kabla ya maliwali wa Sultani kuja kukaa hapa, Amu, ndiyo Lamu yenyewe, haikuwa na mfalme. Mji uliongozwa na wazee waliokutana Yumbe, jumba la baraza lao, na waliokuwa na neno walijua ni mlango wa nani wa kubisha. Sitaki kuupamba wakati ule: watumwa hawakuwa na kauli, wanawake wengi hawakuwa nayo, na baraza la watu wa nasaba moja linaweza kuficha dhuluma vizuri kama ofisi yoyote ya leo. Ninachokisema ni kidogo zaidi. Mji ulikuwa mdogo, nyuso zilijulikana, na mzee aliyepitisha jambo baya alilazimika kupita katika uchochoro ule ule wanaopita wale aliowaumiza.

Leo uso huo hauonekani. Nitaeleza kwa jeti.

Katika kisiwa kimojawapo cha kaunti hii kuna jeti ambayo vidato vyake vya chini vimelika. Maji yakijaa huoni kitu, boti inasimama sawasawa na watu wanashuka. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, boti haifiki kwenye vidato vilivyo vizima. Zege limemomonyoka, nondo zimechomoza nje zimeota kutu, na chaza wameshikamana ubavuni kiasi kwamba anayeteleza hainuki bila kukatwa. Basi abiria huvuka kwa kupitia boti nyingine mbili au tatu zilizofungwa kando. Nimemwona mama aliyetoka hospitali na mtoto wa siku chache akimpokeza mwanawe kwa baharia, naye akishikwa mikono miwili kuvutwa juu, buibui limelowa mpaka magotini. Nimewaona wazee wanaokataa kusafiri siku za kusi kwa kuwa wanajua boti itacheza na hakuna pa kushika.

Wazee wa mtaa waliandika barua, nami nilifuatana nao kuipeleka. Ofisi ya kwanza ilisema jeti ile haikujengwa na wao. Ofisi iliyoijenga ikasema tangu katiba mpya mambo ya jeti si yake tena. Ya tatu ikaeleza kwamba kazi yake ni leseni na usalama wa vyombo, na kwamba ngazi si chombo. Ya nne haikujibu. Kila mahali barua iligongwa muhuri wa kupokelewa, na kila mahali tulikaribishwa kwa heshima. Afisa mmoja kijana alimwambia mzee wetu, "Ami, mimi nakuelewa sana, lakini uamuzi uko juu." Mzee akamuuliza juu kwa nani. Kijana akasema kweli naye hajui, yeye hupokea maagizo tu na kuyafikisha. Sikumwona kuwa mwongo. Aliwekwa pale akiwa mtumi wa kunga, na mtumi wa kunga haambiwi maana.

Kwa maandishi, jambo hili lina jibu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti usafiri wa ndani ya kaunti, na kwa jina kabisa limetaja vivuko na bandari, isipokuwa usimamizi wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Kazi ya kupakua abiria kutoka Mokowe au Faza haina ukimataifa wowote. Lakini kukabidhi kazi kwenye karatasi ni jambo moja na kukabidhi mali, bajeti na nyaraka ni jambo jingine. Pengo hilo la katikati ndimo barua za wazee zinamopotelea. Ofisi inayosema "si yetu" huwa na karatasi ya kuonesha, na ile nyingine pia ina yake.

Hali ni ile ile ukiingia shule nyingi za msingi. Katika uwanja mmoja, darasa la chekechea ni la kaunti, madarasa mengine ni ya serikali kuu, walimu wameajiriwa na tume ya Nairobi, na jengo jipya limejengwa kwa fedha za hazina ya eneo bunge. Tangi la maji likipasuka, mwalimu mkuu huanza kwa kutafuta lilinunuliwa kwa fedha za nani. Watoto wanabeba maji kutoka nyumbani wakati utafiti huo unaendelea.

Na boti ikipinduka? Hapo mwenye lawama hupatikana kabla ya magharibi. Nahodha hukamatwa, huulizwa leseni, huhesabiwa majaketi ya kujiokolea. Mara nyingine anastahili: wapo wanaojaza watu kupita kiasi na wapo wanaoondoka bahari ikiwa imechafuka. Lakini nahodha hakuamua vidato visitengenezwe. Hakuamua mkondo wa Mkanda uachwe mpaka boti zinazokwenda upande wa Pate zikalazimika kuvizia maji. Hakuamua jeti ikae gizani usiku. Ametwikwa matokeo ya maamuzi yote ambayo wengine waliyaahirisha, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ameshika usukani na ndiye aliye karibu na polisi. Kamba hukatikia pabovu, na katika utawala wetu pabovu pameandaliwa mapema.

Sasa tupande mpaka kwenye mradi mkubwa, kwa maana kwenye fedha nyingi mchezo wa kusogezeana huwa mkubwa zaidi. Machi 2, 2012 Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikuja Lamu kuzindua LAPSSET, mradi wa kuziunganisha nchi hizo tatu: bandari iliyopangiwa gati 32, barabara, reli na bomba la mafuta. Mei 20, 2021 Rais Uhuru Kenyatta akafungua gati ya kwanza. Siku za sherehe mwenye mradi hakutafutwa. Walikuja wenyewe, wakapigwa picha.

Wavuvi wa ghuba ya Manda walipotaka kujua nani atawajibu kuhusu bahari yao iliyochimbwa na kufukiwa, hali ikawa nyingine. Wavuvi hawa wengi huvua kwa mishipi, malema na nyavu ndogo, kwa vyombo vya tanga au mashine ndogo. Huwezi kumwambia mtu wa dau ahamie bahari kuu. Kesi yao ilifunguliwa mwaka 2012 na inajulikana kwa jina la Mohamed Ali Baadi na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu na wengine 11. Hesabu vizuri: washtakiwa 12. Kumpata mmoja wa kujibu, iliwabidi wawashtaki wote.

Hukumu ilitolewa Mahakama Kuu ya Malindi, Aprili 30, 2018, miaka sita baadaye. Majaji walisema haki za wavuvi za jadi, haki ya mazingira safi, haki ya utamaduni na haki ya kupata habari zilikuwa zimekiukwa. Walisema pia kwamba kutoihusisha Serikali ya Kaunti ya Lamu katika kuupanga na kuutekeleza mradi kulikuwa kinyume cha Katiba. Wavuvi wapatao 4,600 wakaamriwa walipwe kama shilingi bilioni 1.76, wastani wa takriban shilingi 380,000 kwa kila mmoja. Hapo ungedhani mzigo umekoma. Lakini ilifuata rufaa, yakafuata mazungumzo ya nje ya mahakama, kukawa na mjadala wa kiasi gani kilipwe taslimu na kiasi gani kwa vifaa, kukawa na uhakiki wa majina. Gati ilifunguliwa wavuvi wakiwa bado wanafuatilia fidia yao. Meli ya kwanza ilipata pa kukomea kabla ya lawama.

Katika kesi ile sehemu inayonigusa zaidi ni ile ya kaunti. Tulipopigia kura katiba mpya mwaka 2010 tuliambiwa madaraka yanarudi nyumbani. Kumbe mradi mkubwa kuliko yote katika historia ya mji huu uliweza kupangwa na kuendelea huku serikali iliyo karibu nasi ikiwa pembeni. Mvuvi akimwendea diwani wake, diwani anaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba hakuulizwa. Akiandika Nairobi, ataambiwa afuate viongozi wake wa mashinani. Mtu anayeambiwa hivyo na pande zote mbili hana serikali mbili. Hana hata moja.

Kuna ujanja mwingine ambao umekomaa tangu wakati huo, nao unahitaji kutazamwa kwa karibu kwa sababu umevaa nguo nzuri. Unaitwa ushirikishwaji wa umma. Mnaitwa ukumbini saa tatu, mkutano unaanza saa tano. Mbele kuna wageni wenye kompyuta na projekta, ripoti ni nene na iko kwa Kiingereza, nanyi mnaoneshwa picha tu. Karatasi inapitishwa: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Mnasaini kwa kuwa kila mtu anasaini na kwa kuwa nauli inarudishwa kwa kufuata karatasi ile. Maswali yanachukuliwa matatu matatu, adhuhuri inaingia, watu wanakwenda kuswali na kula. Baada ya miezi, mradi ukileta madhara, karatasi ile inatolewa: mlikuwapo, mkasaini. Uamuzi uliofanywa na watu wengine mahali pengine umegeuzwa kuwa wenu. Hapo lawama haikuteremka kwa afisa mdogo. Imeshuka mpaka kwa mvuvi aliyekuja kuuliza.

Ndiyo maana uamuzi wa Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira kuhusu mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, hapa hapa Lamu, ulikuwa muhimu kuliko watu wanavyokumbuka. Mtambo huo wa megawati 1,050 ulipewa leseni ya mazingira mwaka 2016. Juni 26, 2019 Baraza liliifuta leseni hiyo baada ya wakazi kukata rufaa kupitia shirika la kijamii la Save Lamu na wenzao. Moja ya sababu kuu ilikuwa ushirikishwaji wenyewe: mikutano ya utangulizi iliyofanyika kabla utafiti haujakamilika haiwezi kuhesabiwa kuwa ndiyo kuwashirikisha wananchi juu ya matokeo ya utafiti. Watu ni lazima waione ripoti, waielewe, waseme. Sahihi ya mahudhurio ilirudishwa kwenye maana yake: kwamba mtu alikuwapo ukumbini, basi.

Najua watakaosema mambo ya serikali ni mazito, hakuna uamuzi wa mtu mmoja siku hizi, kuna kamati, kuna wataalamu, kuna wafadhili. Ni kweli. Truman naye alikuwa na baraza la mawaziri na majenerali. Wengi kushauri hakuzuii mmoja kuweka sahihi, na akishaweka sahihi ndiye wa kuulizwa. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Wahenga waliosema hivyo waliishi kwenye vyombo vyenye sarahangi, mabaharia na wenye mali waliokuwa na maoni yao, lakini kila mtu aliyemo alijua amri ya kushusha tanga ni ya nani.

Kuna hoja nyingine nzito zaidi, nayo ni ya maafisa wenyewe. Nimezungumza na baadhi yao kwenye mabaraza ya jioni, wakiwa wamevua ofisi. Wanasema: ukiamua ukakosea, unahamishwa au unaitwa na wapelelezi. Usipoamua, hakuna anayekuuliza. Mshahara unaingia vilevile. Basi faili linapelekwa juu, na aliye juu naye anasubiri maelekezo, na aliye juu yake anangoja msimu wa siasa upite. Ninawaamini, na siwaoni kuwa waoga kwa tabia. Mfumo umeweka adhabu upande mmoja tu. Lakini hapo pia kuna uamuzi uliofanyika. Jeti ikikaa mwaka mzima bila kutengenezwa, yuko mtu aliyeandaa bajeti akaacha mstari ule nje, na yuko aliyeipitisha. Watu hawa wana majina na vyeo. Tumezoea kuuliza "kwa nini haijatengenezwa", swali ambalo kila ofisi ina jibu lake. Tungeuliza "nani aliiondoa kwenye bajeti", majibu yangepungua haraka.

Sheria zetu, ajabu, ziko mbele ya mazoea yetu. Kifungu cha 73 cha Katiba kinasema mamlaka ya afisa wa serikali ni amana, na kwamba yanampa wajibu wa kuwatumikia watu kuliko uwezo wa kuwatawala. Kifungu cha 226 kinasema anayeidhinisha fedha za umma zitumike kinyume cha sheria atabeba yeye mwenyewe hasara itakayotokea, hata kama ameshatoka ofisini. Kifungu cha 47 kinampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kifungu cha 35 kinampa haki ya kupata habari, na sheria ya mwaka 2016 iliyokitafsiri kifungu hicho imeipa ofisi siku 21 za kujibu ombi. Isipojibu, mtu anaweza kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Kwa muda mrefu tumeziacha silaha hizi kwa mawakili na mashirika. Wazee wetu wanajua kuandika barua ya kuomba: tunaomba mheshimiwa utuangalie kwa jicho la huruma. Barua ya namna hiyo inampa mkubwa nafasi ya kuwa mkarimu au kutokuwa. Haimlazimishi kitu. Heshima tusiiache, ndiyo malezi yetu, na hakuna haja ya kumtukana afisa kijana aliyekukaribisha kiti. Lakini heshima na kudai vinakaa pamoja katika barua moja. Unaweza kumwita mtu mheshimiwa katika mstari wa kwanza, na katika mstari wa pili ukamtajia kifungu na tarehe ya mwisho ya kukujibu.

Wakati nao una umuhimu wake, nalo hili halisemwi vya kutosha misikitini na mabarazani. Bajeti ya kaunti haianzi siku inaposomwa. Waraka wa mkakati wa fedha hupelekwa kwa bunge la kaunti kufikia Februari 28, makadirio hufika kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Anayelalamika mwezi wa Agosti, pepo za kusi zikiwa zimeshaumiza watu jetini, analalamikia mstari ambao haukuandikwa tangu Februari.

Wazee wa ile jeti wameanza kuiandika barua yao upya. Safari hii haiombi ukarabati. Inauliza mambo matatu, kwa kifungu cha 35: jeti hii iko kwenye daftari la mali la ofisi gani na kwa nambari ipi; katika bajeti ya mwaka huu ni afisa wa cheo gani aliyepewa jukumu la vivuko na akaidhinisha mgawo wake; na kama fedha za vidato hazikutengwa, uamuzi huo ulifanywa katika kikao cha tarehe gani na uko katika kumbukumbu zipi. Nakala inakwenda kwa ofisi zote nne kwa siku moja, na pembeni ya kila jina imeachwa nafasi ya muhuri, na tarehe ambayo siku 21 zitatimia.